Watoto na Maji: Matembezi ya Jamaa Moja Katika Jimbo la Minnesota

Mara nyingi tumeulizwa na wazee wenye watoto na wajukuu ng'ambo, hasa Marekani: "Huko waliko, wajukuu wetu hucheza wapi? Twasikia habari za majumba na mashine na baridi tu." Swali hili si dogo, kwa maana mtoto afungiwaye ndani mwaka mzima hudhoofika mwili, na moyo wake vilevile. Basi, kwa kuwa sisi wenyewe tulipata kukaa majuma sita ya kiangazi katika jimbo la Minnesota, nyumbani kwa mpwa wetu, mwana wa dada yetu mkubwa, tumeona yafaa kuwaandikia tuliyoyaona, na jambo moja tulilojifunza ambalo latuhusu sisi wa huku nyumbani pia.

Kwanza nchi yenyewe. Minnesota ni jimbo la katikati ya Marekani upande wa kaskazini, nalo limepakana na Kanada. Ukubwa wake haufikii robo ya Tanzania. Jina lake limetoka katika lugha ya Wadakota, ambao pamoja na Waojibwe ndio wenyeji wa nchi hiyo tangu zamani; "mni" ni maji, na jina zima hufasiriwa kuwa maji yenye rangi ya anga. Nalo ni jina la haki. Watu husema kwamba hiyo ni nchi ya maziwa 10,000, lakini waliohesabu yale yenye ukubwa wa eka 10 na zaidi walipata 11,842. Hata mijini, ukitembea kidogo waona ziwa, na kandokando yake njia ya kutembelea, nyasi, viti na bembea za watoto.

Tulipofika tulipokewa kwa furaha. Mpwa wetu hufanya kazi ya usiku, akiwatunza wazee. Mkewe hufanya kazi ya mchana. Wana watoto watatu: mvulana wa miaka 11, binti wa miaka 8, na kitinda mimba wa miaka 4. Hata hivyo, siku mbili hazikupita tukaona jambo la kutuhuzunisha. Kulikuwa na jua zuri, na ndege waliimba mitini, lakini watoto walikaa ndani na mapazia yamefungwa, kila mmoja na simu au runinga yake. Baba yao alilala mchana, na alipoamka walisalimiana kwa maneno machache tu. Tukasema, "Mwanangu, mbona huwatoi watoto? Tumeona ziwa hapo karibu." Akajibu, "Mjomba, huku kila kitu ni fedha, na mimi sina nafasi." Akainuka, akaenda zake.

Usiku mkewe alituambia kwa upole, "Mjomba, si fedha. Wewe wajua sababu." Ndipo tukakumbuka. Nyumbani kwetu ni kando ya Ziwa Victoria. Kaka yake mpwa wetu, kijana wa miaka 14, alizama ziwani alipokwenda kutazama nyavu, na mdogo wake, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 9, alisimama ufukweni akimwona. Tangu siku ile hakutia mguu ziwani. Naye maisha yake yamempeleka katika nchi ambayo kila njia yaishia kwenye maji! Basi aliona heri kuwafungia watoto ndani kuliko kuwapoteza.

Hatukumlaumu. Woga wa mzazi ni tawi la upendo wake. Lakini tulimwuliza jambo moja: "Mtoto wako ana miaka 11. Akifika 15 atakwenda ziwani na wenzake, ukitaka usitake. Je, siku hiyo atakuwa anajua nini?" Hakujibu, lakini asubuhi ya Jumamosi alituambia, "Haya Mjomba, twende. Lakini twende mahali ambapo maji hutazamwa tu."

Tukaenda Minnehaha. Hayo ni maporomoko ya maji yaliyomo ndani ya mji wa Minneapolis, katika bustani ya watu wote, wala hapana kiingilio. Maji huanguka futi 53 kutoka juu ya mwamba, kisha hushuka bondeni chini ya miti mpaka mto Mississippi. Wengi hudhani jina hilo maana yake ni "maji yachekayo", lakini kwa Kidakota ni maporomoko tu. Mshairi Longfellow alilitangaza duniani mwaka 1855, ingawa maporomoko yenyewe hakuyaona kwa macho yake. Tulishuka ngazi pamoja na jamaa nyingi: Wasomali, Wameksiko, Wamarekani wa kila rangi, wazee wakishika mikongojo na akina mama wakibeba watoto. Watoto wetu walirukaruka njia nzima. Tulikula chapati tulizotoka nazo nyumbani, tukakaa kutwa nzima, na fedha tuliyotumia ilikuwa ya mafuta ya gari tu.

Baada ya ibada ya Jumapili tulikwenda Como, katika mji jirani wa Saint Paul. Hapo pana wanyama, na pana nyumba kubwa ya vioo iliyofunguliwa mwaka 1915, ambayo ndani yake huota minazi na mimea ya nchi za joto. Mtu hatozwi, ila huombwa kutoa sadaka kadiri awezavyo. Kitinda mimba aliuona mgomba, akauliza ni mti gani. Mama yake, aliyezaliwa katikati ya migomba, alicheka mpaka akatoa machozi, na machozi yale hatujui kama yote yalikuwa ya kicheko. Ile nyumba ya vioo huwafaa sana watu wa kwetu wakati wa baridi, kwa maana nje kukiwa na theluji, humo ndani mna joto na harufu ya udongo wenye maji.

Juma la tatu mpwa wetu alipata likizo ya siku chache. Tulimwomba atupeleke Itasca, mwendo wa karibu saa nne kwa gari kutoka mjini. Hiyo ni hifadhi ya kwanza ya jimbo lile, iliyowekwa mwaka 1891, na leo hifadhi kama hizo zimezidi 60. Gari liingialo hulipiwa. Aendaye kwa miguu au kwa baiskeli hatozwi. Ndani mna maziwa zaidi ya 100, na misonobari mirefu, mingine yenye umri wa miaka zaidi ya 200. Lakini jambo liwavutalo watu ni hili: hapo ndipo uanzapo mto Mississippi, ule mto mkuu unaokwenda zaidi ya maili 2,300 mpaka Ghuba ya Meksiko. Husemwa kwamba tone la maji likitoka hapo huchukua kama siku 90 kufika baharini.

Watu wa Ziwa Victoria watasikia habari ya mahali hapo kama habari yao wenyewe. Mwaka 1832 msafiri Schoolcraft alitangaza kwamba amekiona chanzo cha mto, naye akakipa jina. Alichukua maneno mawili ya Kilatini, "veritas caput", yaani "kweli" na "kichwa", akakata mwanzo wa la kwanza na mwisho wa la pili, na kilichobaki katikati ndicho "Itasca". Lakini hakufika peke yake. Aliongozwa na Ozawindib, mtu wa Waojibwe, na Waojibwe walikuwa na jina lao la ziwa lile kabla hajazaliwa. Ndivyo ilivyokuwa kwetu mwaka 1858, Speke alipofika kusini mwa ziwa letu pamoja na Sidi Mubarak Bombay, akalipa jina la malkia wake, na hali babu zetu walikuwa wakivua humo tangu enzi na enzi. Tulimweleza mvulana mambo haya mawili pamoja, naye akatutazama kwa mshangao, akasema, "Babu, kumbe mto wetu na mto wenu ni ndugu." Hilo lilikuwa neno lake la kwanza refu la Kiswahili tangu tufike.

Tena kuna habari ya mwanamke mmoja, Mary Gibbs. Mwaka 1903, akiwa na miaka 24, aliachiwa ulinzi wa hifadhi ile baada ya baba yake kufa. Wakata magogo walikuwa wameziba maji kwa lango ili mbao zao zielee, na ziwa likapanda, likaanza kuua miti ya ufukweni. Alikwenda kuwaamuru wafungue, wakamtishia kwa bunduki, lakini hakukimbia. Binti wa mpwa wetu alitaka kuisikia hadithi hiyo mara tatu.

Basi mto huo mkuu, mahali utokapo ziwani, upana wake ni kama futi 20 tu, na maji hayapiti magoti ya mtu mzima. Mawe yamepangwa mstari, na watu huvuka juu yake, watoto kwa wazee, wakicheka. Mvulana akaomba ruhusa. Baba yake alinyamaza kitambo, kisha akaitikia kwa kichwa, akasimama ukingoni amekunja mikono. Mvulana alifika katikati, akateleza, akakaa majini kitako. Watu wakacheka, naye pia akacheka. Lakini baba yake alikwisha kurukia ndani na viatu vyake na saa yake, akamshika mkono kwa nguvu hata mtoto akalia, "Unaniumiza!" Kisha wakasimama wote wawili mtoni, na maji yakimfika baba magotini. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka. Mtoto akamwuliza polepole, "Baba, kumbe unaogopa?"

Akajibu, "Naogopa."

Wakaenda kuketi juu ya gogo, sisi tukakaa mbali nao kidogo. Hapo ndipo mtoto alipoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba alikuwa na baba mkubwa, na jinsi alivyokufa. Miaka 11 alikuwa amefikiri kwamba baba yake ni mkali tu. Hatukusikia maneno yote, ila tuliona mtoto ameweka mkono wake begani mwa baba yake, jambo ambalo hatukuwahi kuliona ndani ya nyumba ile.

Kabla ya kurudi kwetu tulikwenda pia upande wa kaskazini-mashariki, mpaka Ziwa Superior. Mji wa bandari ni Duluth, kama maili 150 kutoka mjini kwao. Hapo watoto wote hupenda kutazama daraja lililojengwa mwaka 1905, likageuzwa baadaye kuwa daraja la kunyanyuka. Meli ya kuchukua mawe ya chuma ikija, nyingine urefu wake yapata futi 1,000, hupiga honi, na daraja huijibu kwa honi yake. Kisha njia nzima ya magari hupanda juu kama lifti, na meli hupita karibu sana na watu, hata mabaharia na watoto hupungiana mikono.

Ziwa Superior ndilo ziwa kubwa kuliko yote ya maji baridi duniani kwa upana wa uso wake, na la pili ni Ziwa Victoria letu. Lakini hayafanani. Letu lina kina cha mita 80 hivi tu mahali penye kina kirefu, nalo lina vuguvugu. Lile lina kina cha mita 406, na maji yake ni ya baridi kali hata katika kiangazi. Mwogeleaji hodari huweza kuishiwa nguvu humo kwa muda mfupi. Kwa hiyo tulikaa ufukweni tukirusha vijiwe na kuokota mawe mazuri. Wahenga walisema kweli: maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Kama maili 40 mbele ya Duluth kuna maporomoko ya Gooseberry, na majengo yake mazuri ya mawe yalijengwa katika miaka ya 1930 na vijana waliokosa kazi, ambao serikali iliwaajiri. Mbele kidogo, juu ya mwamba wa futi 130, umesimama mnara wa taa wa Split Rock. Ulijengwa baada ya tufani ya Novemba 1905 iliyovunja meli nyingi, ukaanza kuwaka mwaka 1910, ukazimwa mwaka 1969 kwa kuwa meli zilikwisha kupata vyombo vipya vya kuonyeshea njia. Lakini kila tarehe 10 Novemba huwashwa tena, kengele hupigwa, na majina ya watu 29 waliozama na meli Edmund Fitzgerald mwaka 1975 husomwa. Mpwa wetu alisimama hapo kwa muda mrefu. Akasema, "Mjomba, hawa wamewawekea watu wao taa. Mimi wa kwangu hata jina lake sikulitaja nyumbani."

Sasa habari za majira ya baridi. Hatukuyaona, ila twaletewa barua. Baridi ya huko si ya mchezo. Tarehe 2 Februari 1996, mahali paitwapo Tower, kipimo kilishuka mpaka nyuzi 51 chini ya sifuri. Hata hivyo watu hawajifungii. Watoto huteleza vilimani juu ya vibao, huenda juu ya barafu kwa viatu vyenye vyuma, na wazee hutoboa barafu ya ziwa wakavua samaki. Kila mwaka, theluji ikitosha, kuna mashindano ya mbwa wavutao magari ya theluji, kwa ukumbusho wa John Beargrease, Mwojibwe aliyechukua barua kando ya Ziwa Superior kabla njia nzuri haijakuwapo. Twadhani posta nyingine hata leo zingefaa kujifunza kwake!

Kwa ajili ya wale wenye jamaa huko, au watakaokwenda, tumekusanya mashauri haya machache:

Kwanza, mtoto avishwe jaketi la kuokolea maisha awapo katika mtumbwi au mashua. Sheria ya Minnesota humlazimisha kila mtoto aliye chini ya miaka 10, chombo kikiwa mwendoni. Lakini hata mkubwa asiyejua kuogelea avae.

Pili, mtu mzima mmoja awekwe kuwa mlinzi wa watoto majini, naye asishike simu. Azamaye mara nyingi hapigi kelele, huzama kimya.

Tatu, mtu asikanyage barafu ya ziwa mpaka imepimwa. Walinzi wa maliasili wa jimbo hushauri unene wa inchi 4 za barafu ngumu, safi, kwa aendaye kwa miguu, na husema pia kwamba hakuna barafu iliyo salama kabisa.

Nne, mkitoka porini wakati wa joto wakagueni watoto mwili mzima, kwa maana kupe wadogo wa huko huleta ugonjwa wa Lyme. Mbu nao ni wengi, ingawa hawaleti malaria.

Tano, msiseme hakuna fedha kabla hamjauliza. Bustani nyingi za miji ni za bure, na mtoto wa jimbo lile aliye chini ya miaka 16 huvua samaki bila kukata leseni. Baba aliyechoka kwa kazi ya usiku aweza kuketi ukingoni na ndoano saa mbili, na mtoto wake kando yake. Hiyo nayo ni sikukuu.

Sita, nalo ni kubwa kuliko yote: wafundisheni kuogelea, wavulana kwa wasichana, mahali penye mwalimu.

Barua ya mwisho kutoka kwa mpwa wetu ilitufikia mwezi uliopita. Mvulana ameogelea urefu wa bwawa la mafunzo bila kushika ukingo. Binti yu karibu kumpita. Baba mwenyewe amejiandikisha pamoja na watu wazima, naye aandika hivi: "Mjomba, maji yamenifika kifuani. Sijaweza kuinua miguu. Lakini sikutoka." Tena sebuleni wametundika picha ya marehemu kaka yake, ambayo dada yetu aliwapelekea, na watoto humwita Baba Mkubwa.

Nasi tuliosoma barua hiyo kando ya ziwa letu tuliinua macho, tukaona watoto wa kijiji wakichota maji ufukweni, wadogo wakiwafuata wakubwa, bila mtu mzima hata mmoja. Wazazi wa huku, tumekuwa tukiwatisha watoto wetu kwa habari za mamba na mashetani ya maji, lakini ni nani kati yetu aliyewafundisha kuelea? Walimu wa shule zilizo karibu na maji tulivu na salama, je, hamwezi kutenga saa moja ya Jumamosi, na mvuvi mmoja mwenye busara, na kamba, na mtumbwi kando? Sisi tumekwisha kusemezana na wazee wawili wa hapa, na Jumamosi ijayo twaanza na watoto kumi. Mkianza nanyi, tuandikieni.